Anti, Profesa anataka nitie tiki kila kitu

Shikamoo Anti,

Najua wengi wanakuandikia mambo ya ndoa na mawifi, langu ni la kazi na wengine wataliona dogo, ila usingizi limeninyima kwa hiyo nivumilie nikueleze vizuri.

Mimi ni Mtanzania, niko kaskazini mwa Uingereza, nafanya postdoki, ile kazi ya utafiti baada ya PhD, chuo kimoja huku. Nimeletwa na mradi wa pweza. Usicheke Anti, pweza wanasomewa. Ulikuwa mradi wa hela za serikali ya huku, zile za mfuko wa utafiti wa GCRF zilizokuwa zinatoka kwenye fungu la misaada, tukawa tunafanya na taasisi moja ya nyumbani kwenye visiwa vya upande wa Kilwa. Wale akina mama wanaoenda mwambani na vijiti maji yakishakupwa wakati wa bamvua, kila pweza wanayerudi naye anapimwa pale pwani na karani wa BMU, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia pwani, anaandika kwenye daftari kilo ngapi, jike au dume, katoka mwamba gani. Hiyo ndo data yetu, madaftari yenye madoa ya wino wa pweza, baadae tunaingiza kwenye Eksel.

Machi 2021 serikali ya huku ikapunguza hela za misaada, miradi kama yetu ikaambiwa mpunguze, na sisi tulichokata cha kwanza kilikuwa kazi ya Kilwa. Hilo sikulipenda ila sikuwa na sauti. Sasa yule mwenzetu wa nyumbani, nimwite Kaka Dokta, yeye hakuacha. Aliongea na taasisi yake akabana huku na kule akaendelea kuwalipa makarani posho, madaftari hayakusimama hata mwezi. Anti, data ambayo leo kila mtu anaisifia, zaidi ya nusu imepatikana baada ya sisi kujitoa.

Mradi rasmi umeisha 2022 lakini kuripoti hakujaisha, masharti ni uendelee kuripoti kilichotokana na zile hela miaka mitano baada ya mradi kufungwa. Kuna mfumo unaitwa Researchfish, unajaza pepa, data, programu, semina, kila kitu, unatia tiki kwamba hiki kimetokana na mradi namba fulani. Dirisha linafunguliwa Februari linafungwa katikati ya Machi, na mwenye mradi asipowasilisha anahesabika hajatimiza masharti, anaweza kunyimwa hela mpya mpaka atimize. Baadae taarifa zinaenda kwenye tovuti ya Gateway to Research, yeyote duniani anasoma.

Profesa kanifanya mwakilishi wake humo ndani. Kaniambia vuta kila kitu kutoka ORCID yake, ule ukurasa wa mtandaoni wenye orodha ya kazi za mtafiti, tia tiki mradi wetu kwenye vyote, yeye atabonyeza kuwasilisha. Nikavuta. Nikaanza kusoma mojamoja, ndo shida ikaanza.

Kuna pepa yake na rafiki yake ya samoni wa Scotland, sioni inahusiana wapi na sisi. Kuna pepa yangu mimi, data yake ni ya masta niliyosoma nyumbani kwa hela za mjomba na mkopo, Profesa aliingia kama mwandishi mwenza tulipokuja kuiandika upya huku. Na kuna ile data ya Kilwa yote mpaka 2023, kama vile mradi wetu ndo uliigharamia mwanzo mwisho.

Nilimgusia Profesa kidogo, akasema kila mtu anafanya hivyo, tukiwa na orodha ndefu tutapata mradi mwingine, na jina lako limo kwenye maombi mapya. Mkataba wangu unaisha Septemba na viza yangu imeshikwa na mkataba. Nikampigia Kaka Dokta nikidhani yeye atakasirika, akacheka akaniambia weka tu mdogo wangu, na sisi tuonekane. Sasa kama mwenye mali karidhia, mimi nani? Mwenzangu wa ofisi ananiambia ni tiki tu, hakuna anayesoma.

Anti, ninajisumbua bure au? Nikitia tiki nimesema uongo? Nisipotia nimejikata mguu?

Ni mimi,
Mtia Tiki

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Pweza siwezi kucheka mimi, nimekulia pwani. Na huko kwenye kujaza fomu za kazi za watafiti umenikuta nyumbani maana kabla ya safu hii nilikaa maktaba ya chuo, chumba cha nyuma wanakohifadhi tasnifu, najua mtu anavyoweza kugombana na bosi wake kwa ajili ya kisanduku kimoja kwenye skrini.

Nirudie nilivyokuelewa, ukiona nimekosea utanisahihisha. Umepewa kazi ya kujaza kumbukumbu ambayo si ya Profesa wala si yako, ni ya umma, inasema hela ya mlipa kodi wa Uingereza imezaa nini. Anayekupa kazi ndiye aliyeshika mkate wako. Anayeweza kudhulumiwa anasema hajadhulumiwa. Na wewe uko katikati una ruhusa ya mtu mwingine na dhamiri yako mwenyewe. Hilo si dogo, aliyekuambia ni tiki tu hajawahi kutia tiki ya mtu mwingine.

Ila ngoja nikuchokoze kidogo. Umeandika kama vile una rundo moja la uongo, mimi nimesoma barua yako mara mbili naona vitu vitatu visivyofanana kabisa.

Tuanze na pepa yako ya masta kwa sababu ndiyo unayoionea uchungu zaidi. Data ni yako, ya mjomba na mkopo, sawa. Lakini ile miezi uliyokaa unaiandika upya, unarudia mahesabu, unawajibu wahakiki, mshahara wako ulikuwa unatoka wapi? Kama ulikuwa unatoka kwenye mradi wa pweza basi mradi nao umechangia, upende usipende. Mfumo ule hauulizi nani mwenye kitu. Unauliza kama kitu kimetokana na zile hela, chote au sehemu, na kitu kimoja kinaruhusiwa kutiwa tiki kwenye miradi zaidi ya mmoja. Kwa hiyo hapo inawezekana tiki ni halali na uchungu wako ni wa jambo lingine, pengine jina la Profesa kukaa kwenye jasho lako. Huo uchungu ni halali pia, ila Researchfish haitautibu. Fungua ile pepa usome sehemu ya shukrani, mliandika nini siku ile mnaituma? Namba ya mradi ipo? Kama ipo, mlishakubaliana zamani. Kama haipo, ujue hizo taarifa za ufadhili majarida mengi huzipeleka Crossref, yaani daftari kuu la machapisho mtandaoni, pamoja na DOI, ile namba ya kudumu ya chapisho, zinasomwa na mashine, kwa hiyo siku moja mtu au kompyuta ataweka pepa na tiki yako pembeni kwa pembeni aone haviongei lugha moja.

Ya samoni sina maneno mengi. Kwa ulivyoieleza haina nasaba na pweza. Ila umesema wewe huoni inahusiana wapi, hujasema umemuuliza. Watu wa mahesabu huwa wanatengeneza njia kwa kiumbe hiki wanaihamishia kwa kile, huenda programu aliyotumia kwa samoni ilizaliwa kwenye pweza wenu na hakukuambia maana maprofesa hawaelezi. Huenda pia ni tamaa tu. Mimi niko mbali siwezi kujua, wewe uko naye korido moja.

Sasa Kilwa. Hapa ndipo nataka tukae.

Umeniambia Kaka Dokta karidhia na mwenye mali akiridhia wewe nani. Mwanangu, ni kweli ile mali ni ya Kaka Dokta peke yake? Taasisi yake ilitoa hela. Taasisi ya umma nadhani, maana umesema alibana huku na kule, na hicho alichobana kilikuwa kimetengewa kitu kingine. Yeye anaweza kusamehe jina lake, sina hakika kama anaweza kusamehe mfuko wa taasisi.

Halafu fikiria huyo msomaji ambaye mwenzako wa ofisi anasema hayupo. Yupo. UKRI, ambayo ndiyo mwavuli wa mabaraza ya utafiti ya huko tangu 2018, inazitumia taarifa hizi kuieleza serikali hela zimefanya nini. Ule mwaka wa 2021 pengo kati ya hela za misaada walizopewa na miradi waliyokuwa wameshaahidi lilikuwa pauni milioni 120, nakumbuka kelele zake, watafiti wa nchi nyingi waliachwa na wafanyakazi wa kulipa na hela hakuna. Sasa mtu wa Hazina pale London anafungua Gateway to Research anaona mradi uliokatwa bajeti, na data yake imeendelea kukusanywa bila kuruka hata mwezi mpaka 2023. Ungekuwa wewe ungesema nini? Si utasema kumbe tulikata na kazi ikaenda vilevile? Tiki yako inaficha kukatwa kwenyewe. Mimi hilo ndo linaniuma kuliko samoni.

Na huku nyumbani, Kaka Dokta kesho akipeleka maombi wizarani aseme tumeendesha ufuatiliaji wa pweza kwa hela zetu wenyewe tunaomba tuongezewe, ofisa anafungua tovuti anamwambia dokta mbona hii ni kazi ya Waingereza. Sijui kama amewaza hivyo alipocheka kwenye simu. Alisema tuonekane. Kwenye tiki tupu anayeonekana ni Profesa.

Lakini sisemi uiache nje. Sehemu ya mwanzo mradi uliigharamia kweli, ukiifuta yote nayo unakuwa umepunja upande wa pili. Na kutomweka kabisa Kaka Dokta, ambaye kaomba kuonekana, si heshima pia.

Kuna kitu watu wengi hawakijui kwa sababu wanaharakishia pepa. Humo kwenye Researchfish kuna sehemu ya ushirikiano, si ile ya machapisho. Unataja taasisi ya nje na nchi yake, halafu kuna maandishi mawili, moja mchango wa mwenye mradi na lingine mchango wa mshirika. Ukienda Gateway to Research utayakuta yametokea hivyohivyo, hadharani, nenda kafungue mradi wowote uangalie. Hapo kwenye mchango wa mshirika ndipo sentensi mbili zinaweza kusema kwamba kuanzia mwezi fulani 2021 ukusanyaji wote uligharamiwa na taasisi ya Tanzania. Tiki inabaki, na ukweli unabaki pembeni yake. Profesa naye hapungukiwi, maana ushirikiano uliodumu baada ya hela kukatwa ni sifa kwake pia, ukimpelekea hivyo pengine atapenda.

Na data yenyewe mmeihifadhi wapi? Kama mtaiweka sehemu kama Zenodo, ghala la data la mtandaoni, mkapata DOI, fomu yao ina nafasi ya wachangiaji ambao si waandishi, na mojawapo ya aina ni mkusanya data. Makarani wa BMU wanaingia hapo kwa majina yao, wakikubali lakini, waulizwe kwanza.

Turudi kwa hofu yako, maana naona nimekaa sana kwenye fomu na wewe ulichoniandikia kwa kweli ni hofu.

Sitakuambia usiogope. Huko ukiwa na viza ya kazi mwajiri akikuachia kwa kawaida unabakiwa na siku 60 utafute mwingine au ufunge virago, hiyo si nadharia. Na watu wa utafiti hawaogopi bure, 2022 kuna waliolalamikia huo mfumo Twitter, akaunti ya Researchfish ikawajibu kwamba yenyewe imeshapeleka wasiwasi wake kwa mfadhili wa mtafiti, yaani umelalamika nimekusemea, mpaka wakaja kuomba radhi. Kwa hiyo nikikuta mtu anajificha nyuma ya jina la Mtia Tiki namwelewa.

Ila hilo la orodha ndefu kuleta mradi mpya, hebu lipime. UKRI imesaini DORA, lile azimio lililoanzia San Francisco 2012 linalosema kazi ya mtafiti ipimwe kwa ubora wake na si kwa majina ya majarida na tarakimu zake. Kwenye karatasi basi wingi wa tiki si hoja. Kwenye vikao vya watu wenye macho na mazoea, sitakudanganya, sijui kila anayekaa pale anafikiria nini. Kinachojulikana ni kwamba adhabu ipo kwa asiyewasilisha. Profesa akiwasilisha orodha fupi kwa wakati ametimiza masharti. Huenda hata yeye anaogopa kitu ambacho hakipo, watu wazima nao wanaogopa.

Njia ulizonazo basi. Unaweza kutia tiki zote kama ulivyoagizwa, ukalinda Septemba yako, na anayewajibika kwa kilichowasilishwa ni mwenye mradi. Hiyo ni kweli kabisa na usijione mtu mbaya ukiichagua, watoto wa watu wanakula kwa njia hiyo kila siku. Hatari yake ni kwamba mwaka kesho utapewa tena, na orodha itakuwa imekua, na siku ukitaka kusema hapana utaulizwa mbona mwaka jana uliona sawa.

Unaweza kukataa moja kwa moja. Ni safi, ila Profesa anaweza kuisikia kama unamwita mwizi, na hapo hata hoja yako ya Kilwa, ambayo ni nzuri, itazama na ile ya samoni.

Kuna kukaa katikati, unatia tiki zile unazoweza kuzitetea, unaziacha zilizobaki bila tiki, unamwandikia yeye azimalizie mwenyewe kwa sababu ni yeye anayejua. Kitu kifupi tu, kama: "Profesa, nimeingiza vyote. Vitatu sikuwa na hakika navyo, nimeviacha wazi uviangalie. Ya samoni sikujua uhusiano wake na mradi. Ya masta shukrani zake nimeambatanisha. Ya Kilwa nimependekeza maneno kwenye sehemu ya ushirikiano, nirekebishie." Hujamhukumu mtu, umemuuliza, na umebaki na imeli. Hatari yake ni kwamba anaweza kukujibu kwa mstari mmoja, tia zote, na sasa umeagizwa kwa maandishi, ambayo kwa mtu mwingine ni nafuu na kwa mwingine ni mzigo zaidi. Wewe ni yupi kati ya hao?

Halafu kuna ofisi ya utafiti ya chuo chenu, wale watu kazi yao ndiyo hii na maswali ya tiki wanayapata kila Februari. Huna haja ya kutaja jina. Unauliza, data iliyoanza kwa mradi ikaendelezwa na hela za mshirika tunairipotije? Jibu lao ukilipeleka kwa Profesa linakuwa la ofisi, si la postdoki anayejifanya anajua. Vyuo vingine lakini ni vidogo, ukiuliza asubuhi mchana bosi kashasikia, wewe unajua cha kwenu kikoje.

Kabla ya yote hayo nadhani simu moja bado unadaiwa. Mpigie tena Kaka Dokta, safari hii usimuulize niweke au nisiweke maana ukimuuliza hivyo atakujibu kiungwana, ndivyo tulivyolelewa, mgeni akiomba chumvi humwambii imeisha. Msomee yale maneno ya mchango wa mshirika uliyoyaandika, muulize kama mkurugenzi wake angependa yasomeke hivyo, na ile hela ilitoka fungu gani ili usije ukaandika kitu kikamletea matatizo na wakaguzi. Inawezekana kacheka kwa sababu ana lake ambalo hawezi kulisema kwenye simu ya haraka haraka.

Na huo ujumbe wa ofisi ya utafiti kama utautuma, utume mapema, maana wiki ya mwisho kabla dirisha halijafungwa pale simu hazipokelewi.

Anti